Nililinunua gari la umeme kwa hesabu, sikujua nitalipenda

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu magari ya umeme, ambayo siku hizi yanazungumzwa sana vijiweni na maofisini, mara nyingi na watu ambao hawajapata kuyaendesha. Mimi ninalo moja. Ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, toleo lenye betri ya kilowati-saa 40, na ndilo gari pekee la familia yetu hapa Tabata. Nililinunua kwa hesabu ya mafuta tu, na nilikuwa tayari kuvumilia kasoro zake ili mradi hesabu itimie. Sikutarajia kwamba ningelipenda, tena kwa sababu ambazo hazikuwamo kabisa katika hesabu ile. Nazieleza hapa kwa kuwa naona wananchi wanaofikiria kununua gari la namna hii wanaambiwa mambo mawili tu: kwamba litaokoa hali ya hewa ya dunia, au kwamba betri yake italipuka. Jinsi mtu anavyoishi nalo siku hadi siku haisimuliwi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wasomaji watakumbuka mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza, mpaka Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Tangu hapo, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, wenye magari tunasoma tangazo hilo kwa wasiwasi. Gari langu la awali lilikuwa likinywa kama lita 10 kwa kilomita 100 katika foleni za mjini. Tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 30,000. Leaf, kwa mwendo huohuo, inatumia uniti 15 au 16, na ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji unaweza kusema 18. Mteja wa kawaida wa TANESCO, aliye nje ya kundi la matumizi madogo, hununua uniti moja kwa takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo zake, kwa hiyo kilomita hizo 100 hazifikishi shilingi 6,500. Kwa mtu anayevuka jiji kila siku ya kazi, tofauti hiyo ni ada ya mtoto.

Lakini nilichokuja kukipenda ni utulivu. Anayeijua barabara ya Mandela jioni, kutoka Buguruni kwenda Tazara, anajua jinsi mtu anavyofika nyumbani amechoka kuliko alivyochoka kazini: mtikisiko wa injini isiyozimwa, joto linalopanda miguuni, na ile kanyaga-achia ya kusogea hatua mbili na kusimama. Gari la umeme likisimama kwenye foleni halina kinachounguruma wala kinachotetemeka. Kiyoyozi kinaendelea kupuliza kwa sababu hakitegemei injini, na umeme kinaokula ni kidogo mno. Katika toleo hili mguu mmoja unatosha kwa sehemu kubwa ya safari: ukikanyaga linakwenda, ukiachia linapunguza mwendo lenyewe hadi linasimama, na wakati wa kupunguza huko mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Nikitoka Kimara kushuka Ubungo naiona alama ya dashibodi ikihamia upande wa kuchaji, na kila mara nashangaa kwamba mteremko ambao zamani ulikuwa unakula breki zangu sasa unanirudishia sehemu ya nilichotumia kupanda.

Mama yangu ni mtu mzima na masikio yake yamepungua nguvu. Katika gari la zamani safari zetu za kwenda kliniki zilikuwa za kimya, kwa sababu ili anisikie ilinibidi nipaze sauti mpaka ionekane tunagombana, naye akajiona anasumbua, akanyamaza. Sasa anakaa kiti cha mbele na tunazungumza kwa sauti ya sebuleni. Ameniambia mambo ya ujana wake, ya baba na ya mashamba yao, ambayo sikuwahi kuyasikia. Sijui ni jedwali gani la kulinganisha magari lenye nafasi ya kuandika jambo kama hili, lakini kwangu ndilo lililobadilisha namna ninavyoliona gari hili.

Jambo la pili ni kwamba mafuta yangu yako nyumbani. Sisimami sheli. Nikifika usiku nachomeka waya ukutani, na gari limewekewa saa ya kuanza kuchaji baada ya saa 5 usiku, wakati pasi, majiko na televisheni za mtaa mzima zimezimwa na mashine za umeme zimepata nafuu. Alfajiri linakuwa limejaa au limefika pale nilipotaka lifike. Matumizi yake nayasoma kwenye mita ya LUKU ileile ninayoisomea friji na taa, na nimejifunza kuijua nyumba yangu upya kwa sababu hiyo.

Hapo kwenye kuchomeka pana jambo ambalo kila anayetaka kununua anapaswa kulijua mapema. Nilipolileta gari nyumbani, kifaa cha kuchajia kiliwasha taa nyekundu na kukataa kupitisha umeme. Nikamwita fundi umeme wa mtaani, kijana makini, akafungua soketi, akapima, akaniambia, "Mzee, hapa waya wa athi upo kwenye soketi lakini hauendi popote." Ndivyo zilivyo nyumba nyingi mitaani kwetu: soketi ina matundu matatu, ila tundu la tatu, la athi inayopeleka ardhini umeme unaovuja, ni la mapambo. Friji na televisheni haviulizi. Gari la umeme linauliza, na bila athi haliko tayari kuchaji. Fundi alipigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jiko, akavuta laini ya peke yake yenye waya mnene wa milimita 4 na swichi yake ya kukata umeme kwenye boksi kuu, na taa ikawa ya kijani. Nyumba nzima imekuwa salama zaidi kwa sababu ya gari, na ninawasihi wenye nyumba, hata wasio na mpango wa gari lolote, wapimishe athi zao.

Kuhusu matengenezo nitasema machache. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini, hakuna ekzosi ya kutoboka. Matairi yanaisha kama kawaida, betri ndogo ya volti 12 bado ipo na bado inakufa, na pedi za breki zinadumu muda mrefu kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Kinachonitia shaka ni mafundi. Nyaya za rangi ya chungwa zilizo chini ya boneti zinapitisha volti zinazozidi 300, na gereji nyingi zinamtegemea kijana aliyejifunza kwa kutazama. VETA ina vyuo karibu kila mkoa. Somo la magari ya umeme likiwekwa humo kwa uzito, tutaepuka kumpoteza kijana kwa sababu ya bisibisi.

Watu wananiuliza sana kuhusu mvua. Je, nikipita kwenye maji sitapigwa shoti? Betri imefungwa ndani ya kasha lisiloingiza maji, na mfumo wenyewe una ulinzi wa kugundua umeme ukivuja. Nimeendesha katika mvua kubwa za masika bila tatizo. Hilo halina maana kwamba mtu aingie nalo katika mafuriko ya Jangwani, kwani hapo hata lori lenye injini ya dizeli halina salama.

Swali zito zaidi ni umri wa betri, na hapa nawaomba wasomaji wawe makini sana. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama magari mengine mengi ya umeme. Inapoa kwa hewa inayopita tu. Kwa joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, hilo ni jambo la kuzingatia. Gari langu naliegesha kivulini, silijazi mpaka asilimia 100 likakaa hivyo siku nzima, na nikirudi kutoka safari ndefu naliacha lipoe kwanza kabla ya kuchaji. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na cha kwanza hupotea baada ya betri kupoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Ukionyeshwa Leaf yenye vistari 9, picha ikiwa safi na bei ikiwa ndogo, ujue hasa unachouziwa. Kuna pia kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho, pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, kinatoa asilimia kamili na hali ya kila seli, na ziko 192. Muuzaji mwaminifu hatakataa ukiipima betri kwa kifaa hicho. Mambo mengine, kama skrini ya Kijapani na redio isiyofika kwenye masafa ya stesheni zetu, yanazoeleka au yanatengenezwa. Betri iliyochoka haizoeleki.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwa mamlaka ni kwamba cheti cha ukaguzi wa gari la umeme lililotumika kiandikwe afya ya betri kwa asilimia, kama inavyoandikwa namba ya chesisi. Mnunuzi wa kawaida hana namna nyingine ya kulinganisha magari mawili ya mwaka mmoja, moja likiwa limetumika Hokkaido kwenye baridi na jingine Okinawa kwenye joto.

Ombi la pili ni kuhusu safari ndefu, na hapa sitaficha kwamba gari hili lina mipaka. Likiwa jipya, kwa vipimo vya Marekani, lilikuwa linakwenda kilomita 243. Likishatumika miaka kadhaa linapungua. Morogoro ni kilomita zisizofika 200 kutoka Dar es Salaam, na nimekwenda, kwa mwendo wa taratibu ambao kwa kweli ndio ule wa kisheria kwenye vijiji vyote vya njiani, nikalala kwa ndugu zangu na kuchaji usiku kucha. Kwenda kunakula zaidi kwa sababu barabara inapanda. Kurudi kuna nafuu. Lakini nikisimama Chalinze kula chakula na kuomba soketi ya kawaida, saa nzima itanipa kilomita kumi na kadhaa tu. Chaja moja ya kilowati 50 mahali hapo ingenipa zaidi ya kilomita 100 ndani ya nusu saa, muda wa sahani ya wali na chai. Chaja kama hiyo zikiwekwa na kwingine njiani, Dodoma, Iringa na Tanga zingefikika.

Tatizo ni kwamba kabla ya kujenga chaja hizo lazima tukubaliane kuhusu plagi ya kuchajia. Magari yanayotoka Japani yana plagi ya CHAdeMO, yanayotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, na ya Ulaya yana CCS2. Yote matatu yanashuka katika bandari yetu. Tukiachia kila mfanyabiashara aweke anayoitaka, tutajikuta na chaja ambayo nusu ya magari hayawezi kuitumia, halafu tutasema teknolojia imeshindwa. Shirika la Viwango lina nafasi ya kuamua sasa, wakati magari bado ni machache, iwe ni kwa kuchagua plagi moja kwa magari mapya au kwa kuagiza kila chaja ya umma iwe na nyaya za aina zaidi ya moja.

Najua wapo watakaosema umeme wenyewe hautoshi, na kumbukumbu ya mgawo wa mwishoni mwa 2023 bado ni mbichi. Hofu hiyo naiheshimu kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa gizani. Hata hivyo hali imebadilika tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere pale Rufiji ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Mitambo hiyo ni tisa, ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Nishati hiyo inahitaji wateja hasa usiku wa manane, na gari lililoegeshwa ni mteja mzuri wa saa hizo. Wakenya wameliona hilo: tangu 2023 wana bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, na nje ya saa za msongamano bei hiyo inashuka kwa nusu. Ethiopia wao walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Sidai tuige hatua hiyo. Naomba tu bei nafuu ya usiku, ambayo itamnufaisha hata mwenye bajaji ya umeme anayeamka saa 10 alfajiri kutafuta riziki. Nchi ambayo imewasafirisha watu wake kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma haiwezi tena kusema umeme ni wa taa na pasi pekee.

Pia siwezi kuandika juu ya mapenzi yangu kwa gari hili bila kutaja Kolwezi, mji wa machimbo kule Kongo. Betri nyingi za aina ya yangu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, katika ukanda wa Katanga, na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Baadhi yao wanachimba kwa mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana humo. Jambo hili linaniuma na silifuti kwa kusema kwamba petroli nayo ina damu yake. Zipo betri za chuma na fosfati, ambazo BYD na kampuni nyingine za China zinazitumia kwa wingi, zisizo na kobalti hata kidogo, na mtu anayenunua leo ana uwezo wa kuchagua. Na tukumbuke kwamba grafaiti, ambayo karibu kila betri ya gari inaihitaji, ipo kwa wingi Mahenge, na nikeli ipo Kabanga kule Ngara. Tutakavyowatendea wachimbaji wetu na wanavijiji wa maeneo hayo ndivyo na sisi tutakavyohukumiwa na wanunuzi wa betri wa kesho.

Wapangaji wa maghorofa na wa nyumba za uani ninawaambia ukweli: kwa sasa gari hili litawasumbua, kwa sababu utamu wake wote unategemea kulala karibu na soketi. Wenye nyumba wakiruhusu mpangaji aweke laini yake yenye mita yake, gharama ikawa ya mpangaji, hakuna anayepoteza. Kwenye majengo mapya ya Kariakoo na Kinondoni, ambako magari huegeshwa chini ya jengo, kupitisha bomba tupu la nyaya wakati wa ujenzi ni kazi ndogo ikilinganishwa na kuvunja zege baadaye.

Mwisho ni suala la barabara, ambalo wenye magari ya umeme tunalikwepa, nami sitaki kulikwepa. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, na Mfuko wa Barabara nao unategemea tozo ya mafuta. Kwa hiyo mimi ninapita Mandela na Morogoro bila kuchangia barabara kupitia lita hata moja, wakati mwenye bodaboda anayenunua lita mbili kwa siku anachangia. Katika kila uniti ninayonunua nalipa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, lakini hakuna hata senti inayokwenda kwenye lami. Hilo si haki, na likiachwa litakuja kutatuliwa kwa hasira, kwa kodi kubwa ya ghafla itakayoua magari haya kabla hayajaenea. Napendekeza tozo ndogo kwa kilomita, inayosomwa kwenye mita ya gari kila mwaka wakati wa kulipia bima, ikizingatia uzito wa gari, na ianze kwa kiwango cha chini kilichotangazwa miaka kadhaa mbele ili kila mnunuzi ajue kinachomsubiri. Wizara ya Fedha ikianza kupokea maoni ya bajeti ijayo, nitalipeleka pendekezo hili kwa maandishi, na ninawaalika wamiliki wenzangu tulipeleke pamoja.

Wako,
Msomaji wa Tabata,
Dar es Salaam.